Habari za Kilifi: Nchi Yake, Mambo Yake ya Kale na Watu Wake

Wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya baadaye katika kitabu, leo nataka kuwaelezeni habari za Kilifi. Wengi walisikiapo jina hili huufikiria ule mji mdogo ulio kando ya hori, njiani baina ya Mombasa na Malindi. Huo ni mji tu. Kilifi niisemayo ni kaunti nzima, mojawapo ya kaunti 47 za Kenya zilizowekwa na Katiba ya mwaka 2010, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa mwezi wa Machi 2013. Iliunganisha wilaya mbili za zamani, yaani Kilifi na Malindi. Eneo lake ni zaidi kidogo ya kilomita 12,500 za mraba. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi. Kusini ni Mombasa na Kwale. Magharibi ni Taita-Taveta. Na kaskazini ni nchi ya Mto Tana. Ndani yake mna majimbo saba ya uchaguzi: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Nawaombeni myashike majina hayo, maana tutayarudia.

Ili kuielewa nchi hii yafaa tumfuate kwa akili mtu aondokaye ufuoni asubuhi, akaipa bahari mgongo na kwenda upande wa machweo. Kwanza atapita katika nchi tambarare, nyembamba kama utepe, isiyoinuka zaidi ya mita 30 hivi juu ya bahari. Chini ya miguu yake ni mchanga na mawe ya matumbawe, na juu ya kichwa chake minazi, miembe na mikorosho. Mbele yake bahari imezungukwa na mwamba mrefu ambao huyavunja mawimbi, hata maji yaliyo ndani ya mwamba hukaa shwari, na ndiyo maana wavuvi wenye mitumbwi na ngalawa huweza kupata riziki yao. Hapa na pale bahari huingia ndani ya nchi kama ulimi: ndiyo mahori ya Mtwapa, Kilifi na Mida, yenye mikoko kando kando. Mida hujaa ndege wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Msafiri wetu akiendelea ataona nchi inapanda taratibu, kisha atafika kwenye vilima vya Rabai, Ribe, Kambe, Jibana na Chonyi. Hapo hewa ni nzuri na udongo una rutuba, nayo minazi ya Kaloleni na Rabai ni mingi kama nywele za kichwa. Lakini akishuka upande wa pili wa vilima hivyo, ghafula mambo hubadilika. Minazi yakoma. Yaanza miiba, mibuyu na udongo mwekundu. Hiyo ndiyo nyika, nayo ndiyo sehemu kubwa zaidi ya kaunti, ingawa wageni wanaokuja kuogelea Watamu hawaioni hata siku moja.

Mvua ni za misimu miwili: zile kubwa za masika, ambazo Wamijikenda huziita mwaka, zaanza mwezi wa Aprili, na zile za vuli huja kuanzia Oktoba. Karibu na bahari mvua hutosha katika miaka iliyo mingi. Kadiri uendavyo bara, ndivyo zinavyopungua, hata ukifika sehemu za magharibi za Ganze na Magarini waweza kuona miaka miwili mitatu ikifuatana pasipo mavuno. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hata mwanzo wa 2023 uliua ng'ombe na mbuzi wengi, na watoto wakaacha shule ili kuwasaidia mama zao kutafuta maji. Mtu wa Kaloleni na mtu wa Ganze ni ndugu, wasema lugha zilizo karibu sana, wote ni wa kaunti moja. Lakini mmoja huamka na kuuliza bei ya nazi, na mwenzake huamka na kuuliza maji yako wapi.

Mto mkubwa ni mmoja tu, nao una majina matatu. Huko juu, karibu na Nairobi, huitwa Athi. Ukisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Humwaga maji yake baina ya Malindi na Mambrui. Wakati wa mvua huleta udongo mwingi mwekundu wa bara, na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia hata mbali. Watu wa pwani husema, "Sabaki umeshuka." Udongo ule ni mashamba ya Waafrika wenzetu wa bara yaliyochukuliwa na maji, na anayejua kuhesabu hasara na ahesabu. Mito mingine, kama Rare uingiao katika hori la Kilifi, hupungua sana wakati wa kiangazi. Mahali paitwapo Baricho, kando ya Sabaki, vimechimbwa visima virefu, na maji yake yasukumwa kwa mashine katika mabomba mpaka Malindi, Kilifi, na hata Mombasa. Basi mji wa Mombasa, wenye meli na majumba, huinywa Sabaki.

Sasa tuseme habari za watu. Wenyeji walio wengi ni Wamijikenda, yaani watu wa miji tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Wakauma, Waribe, Warabai, Wadigo na Waduruma. Saba wa kwanza kwao ni Kilifi. Wadigo na Waduruma wengi wako Kwale. Zamani watu wa pwani waliwaita "Wanyika," jina la dharau, na wenyewe hawakulipenda. Jina la Mijikenda lilipata nguvu katika miaka ya 1940. Pamoja nao wako Waswahili wa Malindi, Mambrui na Takaungu, Wabajuni waliotoka kaskazini, Waarabu, Wahindi, watu wa bara waliokuja kwa kazi, na Wazungu, hasa Waitaliano, ambao ni wengi sana Malindi hata wauza mboga wa sokoni huweza kupatana bei kwa Kiitaliano.

Wazee wa Kimijikenda husimulia kwamba asili yao ni Singwaya, nchi iliyo kaskazini, na kwamba walifukuzwa huko na Waoromo, ambao zamani waliitwa Wagala. Wakaja kusini, wakajenga miji yao juu ya vilima katikati ya misitu minene. Mji wa namna hiyo waitwa kaya. Ndani ya msitu njia ilikuwa nyembamba, yenye milango, na katikati palizikwa fingo, yaani dawa ya kuulinda mji. Kila watu walikuwa na kaya yao: Wagiriama walikuwa na Kaya Fungo, Wakauma Kaya Kauma, na kadhalika. Wataalamu wengine hawakubali kwamba wote walitoka mahali pamoja, nao wasema habari ya Singwaya ilienezwa kadiri watu hawa walivyozidi kujiona kuwa wamoja. Mimi naona si lazima tuwapatanishe wazee na wataalamu. Kaya zenyewe zipo, waweza kwenda kuziona kwa idhini ya wazee, ukiwa umevua viatu. Watu walihama kutoka ndani yake kwenda mashambani zamani, walakini misitu ilibaki kuwa mahali pa sala na maziko, haikatwi kuni, na kwa sababu hiyo miti ambayo imetoweka kwingine yaonekana humo mpaka leo. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiandika misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Desturi moja nataka kuitaja, maana imeleta huzuni. Wagiriama walio wa chama cha Gohu, mmoja wao akifa, huchongewa kigango, nguzo ya mti yenye mapambo, ikasimamishwa kwa ajili ya roho yake. Kigango hakihamishwi. Lakini katika karne iliyopita wageni walivipenda kama vitu vya mapambo, na vijana wenye njaa wakaviiba usiku na kuviuza. Vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa kutoka kwa jamaa moja tangu mwaka 1985 vilirudishwa Kenya, na baadaye vingine vikafuata. Mgiriama mzee hakuona ajabu. Alijua tangu awali kwamba marehemu hakuuzwa, ameibwa.

Turudi ufuoni, maana huko kuna magofu. Yaliyo makubwa ni ya Gede, kusini ya Malindi, si pwani kabisa bali ndani kidogo, katikati ya msitu. Mji huu ulikuwapo tangu karne ya 12 au 13, na ulistawi sana katika karne ya 15. Ukuta wake wa nje ulizunguka ekari 45. Ndani mna msikiti mkubwa, jumba la mfalme, nyumba za mawe zenye vyoo na visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kumi, akakuta vyombo vya kauri vya Uchina, ushanga wa kioo kutoka Ulaya, na vitu vingine vya mbali. Mwaka 2024 Gede nayo iliingia katika orodha ya urithi wa dunia.

Wanafunzi wangu chuoni hupenda kuuliza: mji huo uliachwa kwa nini? Jibu si moja. Biashara ilivurugwa na Wareno. Vita vya Wazimba vilipita mwaka 1589. Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi huwapeleka kwanza kwenye kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa, niwaonyeshe kwamba kilichimbwa tena, kikaongezwa urefu. Maji yalikuwa yakishuka chini na watu wakiyafuata. Ukuta waweza kumzuia adui, wala hauwezi kuyazuia maji yasiondoke. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ilikuwa tupu. Mnarani, juu ya hori la Kilifi, nao mji uliangamia karibu na wakati huo huo, na msikiti wake waonekana hata leo ukivuka daraja.

Malindi ilikuwa na sifa mpaka ng'ambo. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, na baadaye merikebu za jemadari Zheng He zilifika katika pwani hii. Mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na Uchina walikuta Mambrui sarafu ya Kichina ya wakati wa mfalme yule yule. Kisha, katikati ya Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Alikuwa ametoka Mombasa, ambako hakupokewa vema. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani na Mombasa, aliona faida ya kumpata rafiki mwenye mizinga. Akampa chakula, na pia akampa rubani aliyejua pepo za bahari. Tarehe 24 Aprili Wareno wakatweka, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, Bara Hindi. Vitabu vingi vya shule vilisema rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu. Wataalamu wa leo walio wengi hawaamini hivyo. Na mwandishi mmoja wa Kireno wa karne iliyofuata amemwita mtu wa Gujarat. Kwa vyovyote vile, njia haikuvumbuliwa siku ile. Watu wa pwani na wa Bara Hindi walikuwa wakiifuata kaskazi na kusi kwa mamia ya miaka, na Mreno aliuliza njia kama mgeni yeyote aulizavyo.

Urafiki ule uliipa Malindi heshima ya muda. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao Mombasa, wakamhamishia mfalme wa Malindi huko. Tangu hapo Malindi ikafifia, nyumba zikaanguka, na kwa muda mrefu palikuwa pori. Palibaki nguzo ya Vasco da Gama yenye msalaba, na kanisa dogo la Wareno. Nasikitika kwamba watalii wengi huipiga picha nguzo na kuondoka, wala hawaulizi mji uliompa chakula mwenye nguzo uliishia wapi.

Mji ulifufuka mwaka 1861, Sultani Majid wa Unguja alipotuma watu na askari kuuweka upya. Ufufuo huo ulikuwa wa uchungu. Mashamba makubwa ya mtama, mahindi na ufuta yalilimwa na watumwa, na nafaka ya Malindi na Mambrui ilisafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni. Watumwa wengine walitoroka, wakajenga vijiji vyao nyikani, na wengine wakakimbilia vilima vya Rabai. Huko Rabai palikuwa na misheni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mkewe na mtoto wake mchanga katika miezi michache. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakajenga Rabai. Kutoka Rabai Rebmann alisafiri akauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Kamusi ya Krapf ya Kiswahili, iliyopigwa chapa mwaka 1882, ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi aliyoianza pwani hii, akiwauliza wenyeji neno baada ya neno. Wenye watumwa walipodai watu wao, pakawa karibu na vita. Mwishowe, mwezi wa Januari 1889, kampuni ya Waingereza ililipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe ulifutwa katika sheria mwaka 1907.

Wagiriama wakati huo walikuwa wameenea kutoka katika kaya yao wakielekea kaskazini, na katika miaka ya 1890 walivuka Sabaki na kulima udongo mzuri wa ng'ambo. Walijitosheleza kwa mahindi na mtama, wakauza ziada. Hapo ndipo yalipoanza mambo ya Mekatilili.

Serikali ya Kiingereza ilihitaji kodi ya nyumba, na zaidi ya kodi ilihitaji vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu na katika bandari. Mwaka 1912 ofisa Arthur Champion alitumwa kukaa katika nchi ya Giriama. Wagiriama hawakuona sababu ya kuwaacha wake na mashamba yao wakamlimie mtu mwingine. Mekatilili wa Menza, mwanamke mtu mzima, mjane, alizunguka kijiji kwa kijiji akiwahutubia watu katika ngoma ya kifudu, akisema vijana wasitolewe. Wanawake wakala kiapo chao katika kaya, mukushekushe, na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hapana mtu atakayewatii wajumbe wa serikali. Wazee husimulia kwamba katika mkutano mmoja alileta kuku na vifaranga, akamwambia ofisa achukue kifaranga kimoja, kuku akamdonoa. Mekatilili akasema hivyo ndivyo watakavyofanya wao wakinyang'anywa watoto.

Mwezi wa Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa kifungoni Kisii, upande wa pili kabisa wa Kenya. Mwezi wa Januari 1914 wakatoroka, wakaanza kurudi kwao, mamia ya maili, katika nchi za watu wenye lugha wasizozijua. Walifika. Yeyote ambaye amesafiri kwa basi kutoka Kisii mpaka Mombasa, akashuka amevimba miguu, na alipime jambo hilo. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita vikafuata, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na Mekatilili akakamatwa tena. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoka katika nchi yao iliyo kaskazini ya Sabaki. Mashamba yale ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha, kwa hiyo njaa iliingia. Baada ya miaka michache serikali yenyewe iliona kwamba hakuna aliyefaidika, ikawaruhusu kurudi ng'ambo, na mwaka 1919 Mekatilili naye akarudi kwao, akaishi katika kaya mpaka mwisho wa maisha yake.

Lakini palikuwa na jambo jingine, lisilo na baruti wala mshindo, ambalo limewaumiza watu wa Kilifi kuliko vita vile. Utepe wa pwani wa upana wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja, ingawa Waingereza ndio waliotawala tangu 1895. Mwaka 1908 ilitolewa sheria kwamba kila mtu mwenye ardhi katika utepe huo alete madai yake, aandikishwe, apewe hati. Waliojua kusoma sheria walikwenda. Mkulima wa Kimijikenda ambaye babu yake alipanda mnazi mahali hapo hakujua kwamba mnazi si hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Basi mtu akalala mwenye shamba, akaamka ni maskwota. Neno hilo la maskwota latumika Kilifi hata leo, na wanaoitwa hivyo si wageni, bali ni watu ambao makaburi ya wazee wao yako papo hapo walipo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hati zile hazikufutwa. Serikali zilizofuata zimeanzisha mipango ya makazi, na jamaa nyingi zimepata mashamba kwa njia hiyo. Mipango mingine haikufaulu: ule wa Magarini, uliosaidiwa na Australia kuanzia miaka ya 1970, uliwapa watu viwanja katika nchi ambayo mvua haikutegemeka na maji safi yalikuwa shida, na wengi hawakuweza kuishi kwa mavuno yake. Katika pwani ya Magarini, toka Ngomeni mpaka Marereni, kuna mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana ya kina kifupi, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Kazi hiyo imewapa watu mishahara, nayo imeleta ugomvi juu ya mipaka na visima vilivyoingiwa na chumvi, hata katika miaka ya 2005 na 2006 tume ya taifa ya haki za binadamu ikayasikiliza malalamiko ya wenyeji hadharani.

Shughuli nyingine nitazitaja kwa haraka. Kuna mkonge wa Vipingo, uvuvi, korosho, maembe, mihogo, na mahoteli ya Malindi na Watamu. Mnazi hutoa makuti, mbata, madafu, na tembo, na mgema ni mtu wa kuheshimiwa kwa namna yake, ingawa misheni iliyonilea isingependa niseme hivyo. Bahari ya Malindi na Watamu imehifadhiwa tangu 1968. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, umehifadhiwa tangu 1943. Tangu 1993 wakulima wanaoishi kando yake hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado katika vifuko vyao, na kwa hiyo wamepata sababu ya kutoikata miti. Hapo Ngomeni, juu ya nguzo zilizosimamishwa baharini, Waitaliano walirusha roketi baina ya 1967 na 1988. Chombo kimoja cha Marekani cha kuchunguza nyota kilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, nacho kikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kivuko cha Kilifi kilichokuwa kikiwachelewesha watu kwa saa nyingi kilikoma mwaka 1991 daraja lilipofunguliwa. Katika mji wa Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na pia kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989, ambacho kimesaidia sana katika kuzijaribu chanjo za malaria.

Sasa hesabu. Mwaka 2009 watu wa Kilifi walikuwa 1,109,735. Mwaka 2019 walikuwa 1,453,787. Mwanafunzi na atoe: ongezeko ni watu 344,052 katika miaka kumi, yaani zaidi ya 34,000 kila mwaka. Ukigawanya watu wote kwa eneo utapata watu 116 katika kila kilomita ya mraba, lakini hesabu hiyo yadanganya, kwa sababu katika Malindi peke yake wamo karibu 120,000, na katika Mtwapa karibu 90,000, hali nyika ya Magarini na Ganze waweza kutembea nusu siku usikutane ila na mchunga mbuzi. Wengi wa watu hawa ni watoto na vijana. Shamba la ekari sita ambalo babu aliwaachia wana watatu, leo ladaiwa na wajukuu kumi na wawili, nusu ekari kila mmoja, na huenda hati yenyewe ina jina la mtu mwingine.

Nami sitaificha habari inayofuata, ingawa ni ya aibu. Katika Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto akiugua, au kijana akifa kwa ajali, husemwa kwamba mzee fulani mwenye mvi ndiye aliyemroga. Watu wamefanya mvi kuwa ushahidi, hata wazee wengine hupaka nywele zao rangi nyeusi wasionekane. Lakini wanaochunguza mambo haya, na wazee wenyewe, wasema kwamba mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Mzee ndiye ajuaye mpaka ulipo. Mzee ndiye anayekataa kuuza. Akiondoka, ardhi hugawanywa au huuzwa, na mnunuzi haulizi aliondokaje. Wako waliokimbia usiku, wakaacha nyumba zao, minazi yao na makaburi ya wake zao. Katika jimbo la Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, pamejengwa makao ya kuwapokea, na wazee wanaokaa humo huulizana kila mara mgeni anapofika kama ametoka upande wa kwao, na kama ameiona nyumba.